Mali Bila Daftari: Siasa ya Kijenzi Kisichosajiliwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika madeni wala mauzo. Leo ningependa tuielekeze mahali ambapo wengi hawajazoea kuitafuta, yaani ndani ya kompyuta za ofisi zetu. Ziko ofisi za uhasibu, masijala, maktaba na idara za mitihani ambazo bado zinategemea programu za mezani zilizoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndizo zinazokokotoa mishahara, kutunza michango ya wanachama, kuchapa stakabadhi na kuhifadhi alama za wanafunzi. Hufanya kazi miaka nenda miaka rudi bila mtu kuzijali, hadi siku kompyuta kuukuu inapokufa na mpya kuletwa. Programu inanakiliwa kutoka kwenye diski ya zamani, mhasibu anaibofya, na badala ya ukurasa alioujua anakutana na kidirisha chenye ujumbe wa Kiingereza. Kwa lugha yetu ujumbe huo unasema: kijenzi MSCOMCTL.OCX, au kimojawapo kati ya vile kinavyovitegemea, hakijasajiliwa sawasawa. Faili halipo au si halali. Juu yake kuna namba ya hitilafu: 339.

Kwa mwananchi aliyesimama upande wa pili wa dirisha la huduma, maelezo yote hayo hufupishwa kuwa maneno mawili: mfumo unasumbua. Anaambiwa arudi kesho. Mstaafu anayefuatilia michango yake hupanda basi na kurudi, na mwanafunzi anayehitaji nakala ya matokeo yake ili awahi tarehe ya mwisho ya kuomba kazi hurudi pia. Hakuna hata mmoja wao atakayeelezwa kwamba kumbukumbu zake zipo salama ndani ya diski, na kwamba kilichokosekana ni mstari mmoja katika daftari la kompyuta.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hitilafu hii, ambayo kwa kipimo cha ufundi ni ndogo, ni dalili ya maradhi makubwa ya kiutawala. Taasisi zetu zimezoea kumiliki matumizi ya programu bila kumiliki maarifa yake. Lakini siasa njema haijengwi juu ya ufundi usioeleweka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nivumilie kwanza nieleze ugonjwa wenyewe na tiba yake, ndipo nirejee kwenye hoja.

Kijenzi, rejista na anwani

Mwaka 1991 kampuni ya Microsoft ilitoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Visual Basic, na mwaka 1998 ikatoa toleo la sita, la mwisho katika ukoo huo kabla ya ujio wa .NET. Lugha hiyo iliwawezesha watu wasio wahandisi kutengeneza programu yenye madirisha, vitufe na orodha katika muda mfupi. Wahasibu, walimu na mafundi waliojifundisha wenyewe waliandika kwayo programu za kazi zao, kila mmoja kulingana na mahitaji ya ofisi yake.

Wepesi huo ulitokana na vijenzi. Fundi anayejenga nyumba hafui mwenyewe bawaba na vitasa. Huvinunua dukani na kuvifunga. Vivyo hivyo mwandishi wa programu hakulazimika kubuni upya orodha yenye safu, upau wa vitufe au mstari unaoonyesha kazi imefikia wapi. Vitu hivyo vyote vilikuwa vimekwisha kutengenezwa na kuwekwa ndani ya faili moja, MSCOMCTL.OCX. Kalenda ya kuchagulia tarehe ilikuwa katika faili jirani, MSCOMCT2.OCX. Mwandishi alivichukua, akaviweka mahali pake, akaendelea na kazi.

Ugumu unaanza hapa. Programu inapokihitaji kijenzi, haiendi moja kwa moja kwenye faili. Kwa mujibu wa utaratibu uitwao COM, ambao Microsoft iliuanzisha mwaka 1993, programu hutaja namba ya utambulisho yenye urefu wa biti 128. Windows hufungua daftari lake kuu, yaani rejista, hutafuta namba hiyo, na kusoma mbele yake anwani ya faili linalohusika. Kusajili kijenzi, basi, ni kuandika katika rejista kwamba namba fulani ni ya faili fulani lililoko mahali fulani.

Kwa mantiki hiyo kuna hali nne ambazo fundi makini hana budi kuzitofautisha. Faili laweza kuwapo lakini halijaandikwa katika rejista. Laweza kuwa limeandikwa, lakini lenyewe limefutwa au limehamishwa. Rejista yaweza kuelekeza kwenye nakala nyingine, ya toleo lisilokubaliana na programu. Au faili lipo na limeandikwa, lakini faili jingine linalolitegemea halipo. Hali zote nne huweza kuzaa malalamiko yaleyale ofisini, ilhali kila moja ina dawa yake. Mzazi yeyote aliyewahi kwenda kumwandikisha mtoto shule bila cheti cha kuzaliwa anaielewa hali ya kwanza bila kufundishwa: mtoto amesimama hapo, ana afya na akili, lakini mbele ya karatasi hayupo.

Swali linalofuata ni kwa nini programu iliyofanya kazi miaka ishirini ikatae kufanya kazi kwenye kompyuta mpya. Jibu ni kwamba Windows huja na injini ya msingi ya Visual Basic 6, faili liitwalo MSVBVM60.DLL, lakini haiji na MSCOMCTL.OCX. Hili lilipaswa kuletwa na programu yenyewe wakati wa kusakinishwa, au lililetwa na programu nyingine, kwa mfano matoleo ya zamani ya Office. Aliyenakili folda ya programu alichukua nyumba akaacha bawaba. Zaidi ya hayo, hata kama angeleta faili lenyewe, asingeleta maandishi ya rejista, kwa kuwa hayo hayamo ndani ya folda ya programu.

Tiba huanza kwa kusoma

Kosa la kwanza linalofanywa na mafundi wetu wengi ni haraka. Ujumbe ukitokea, hufungwa kabla haujasomwa. Kisha hutafutwa tovuti yoyote inayogawa mafaili ya DLL na OCX bure, faili hupakuliwa na kutupwa ndani ya Windows. Huko ni kumpokea mgeni usiyemjua, kumkabidhi funguo za hazina na kumwandika katika daftari la wenyeji. Faili linalosajiliwa kwa mamlaka ya msimamizi hupewa fursa ya kutekeleza lolote lililomo ndani yake, palepale linaposajiliwa. Kosa la pili ni kuifuta kompyuta na kuanza upya, hatua ambayo huweza kuzika kumbukumbu zilizokuwa salama. Kabla ya lolote, data zinakiliwe mahali pengine.

Baada ya hapo, ujumbe usomwe. Hitilafu 339 hutaja jina la kijenzi, na jina hilo ndilo nusu ya jibu. Hitilafu 429 haitaji jina. Husema tu kwamba kijenzi kimeshindwa kuunda kitu kilichoombwa. Namba 0x80040154 husema wazi kwamba kilichotajwa hakimo katika rejista. Fundi anayeandika namba hizi kwenye karatasi ameshaanza kutibu.

Hatua inayofuata ni kuuliza faili lipo wapi, na hapa kuna mtego uliowaumbua wengi. Katika Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na ile iitwayo SysWOW64 ndiyo yenye mafaili ya biti 32. Majina yamepinduka, kwa sababu programu nyingi zilikuwa zimekwisha kuandikwa zikilitaja jina la System32, na Microsoft haikutaka kuzivunja. Vijenzi vya Visual Basic 6 ni vya biti 32, hivyo mahali pake ni SysWOW64. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa, kwani msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zinabadilisha kompyuta, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32.

Faili likishakuwa mahali pake, husajiliwa kwa chombo kiitwacho regsvr32, kupitia dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huku anwani kamili ya faili ikitajwa. Chombo hiki hutoa jibu, na jibu lake ni sehemu ya uchunguzi. Likija na namba 0x80070005, maana yake ruhusa imekataliwa. Aghalabu dirisha halikufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Likisema kwamba faili limeshindwa kupakiwa, ama anwani imekosewa, ama faili limeharibika, ama jingine linalolitegemea halipo. Likisema kwamba mlango uitwao DllRegisterServer haukuonekana, basi faili hilo si la aina inayosajiliwa kwa njia hii na hakuna haja ya kulilazimisha. Kijenzi kilichoandikwa kwa .NET, kwa mfano, husajiliwa kwa chombo kingine kiitwacho regasm.

Ikiwa usajili umefaulu na programu bado inagoma, usibahatishe. Kipo chombo cha bure cha Microsoft kiitwacho Process Monitor, ambacho huonyesha kila faili na kila mstari wa rejista ambao programu inautafuta na kuukosa. Fundi huona kwa macho yake kwamba programu imebisha hodi kwenye anwani fulani na haikujibiwa. Tofauti kati ya fundi na mpiga ramli ni kwamba fundi hutafuta ushahidi kabla ya kutoa dawa.

Hata hivyo, dawa zote hizo ni za dharura. Dawa bora ni kuwa na diski au faili la usakinishaji la awali, ambalo huleta vijenzi vya toleo sahihi na kuvisajili lenyewe. Hata hilo lahitaji uangalifu, kwa sababu baadhi ya programu za usakinishaji za miaka ya 1990 ni za biti 16, nazo hazifunguki kabisa katika Windows ya biti 64. Tena, tangu Windows XP ya mwaka 2001, iko njia ya kuiwekea programu faili dogo la maelezo linaloiambia kwamba kijenzi chake kimo ndani ya folda yake yenyewe. Programu ya namna hiyo huweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kugusa rejista. Njia hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini haiwezi kumfaa asiyejua programu yake inategemea vijenzi gani.

Mali ya pamoja isiyo na msimamizi

Sasa nirejee kwenye hoja. Wabunifu wa vijenzi walikuwa na wazo jema: kitu kimoja kitumiwe na wengi, nafasi ya diski iokolewe, na marekebisho yakifanywa mara moja yawafae wote. Kilichokosekana ni usimamizi. Programu mpya ilipokuja ilileta nakala yake ya kijenzi na kuifuta iliyokuwapo. Programu jirani, iliyozoea toleo la awali, ikaanguka. Programu nyingine ilipoondolewa iliondoka na kijenzi ambacho wenzake walikuwa bado wanakitumia. Waandishi wa programu wenyewe waliipa hali hiyo jina la jehanamu ya DLL. Anayeijua historia ya visima vya vijiji vilivyochimbwa na wafadhili anaufahamu mkasa huu: pampu ni ya wote, kamati ya maji haipo, na siku inapoharibika kila mmoja anashangaa kwamba hakuna mwenye spana.

Ushahidi wa wazi zaidi ni wa mwaka 2012. Mwezi Aprili mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililopewa namba MS12-027, kwa sababu ndani ya MSCOMCTL.OCX, faili lilelile, uligunduliwa udhaifu uliokuwa ukitumiwa na wavamizi. Waliwatumia watu nyaraka zilizotengenezwa kwa hila, na aliyefungua waraka alikuwa ameifungulia kompyuta yake adui. Sasisho lilikuwa la lazima. Lakini baada ya kusakinishwa, mafaili ya Excel na programu kadha wa kadha zilizokitegemea kijenzi hicho ziligoma, na kwa wengi dawa ilikuwa ni kukifuta kijenzi katika rejista na kukisajili upya.

Tukio hilo linawajibu watu wa makundi mawili. La kwanza ni la wale wanaosema kwamba programu ya zamani isiguswe maadamu inafanya kazi. Hawa wanasahau kwamba kijenzi cha zamani si sawa na jembe la zamani. Jembe halina adui anayetafuta ufa ndani yake usiku na mchana. La pili ni la wale wanaosema tusasishe kila kitu upesi na mengine yatajipanga yenyewe. Hawa wanasahau kwamba sasisho lisilojaribiwa kwanza pembeni laweza kusimamisha malipo ya mishahara ya taasisi nzima. Busara iko kwa anayejua alicho nacho, na kwa hiyo anaweza kupima hatari ya kila upande.

Mamlaka ya kuamua kifo cha programu

Kuna suala la mamlaka ambalo haliwezi kuachwa. Msaada wa kawaida wa Visual Basic 6 ulikoma mwezi Machi 2005, na msaada wa nyongeza ukakoma tarehe 8 Aprili 2008. Mwaka huo wa 2005 wataalamu wengi waliokuwa wametunukiwa hadhi na Microsoft yenyewe walisaini ombi la kuitaka kampuni iendelee kuitunza lugha hiyo. Kampuni haikubadili uamuzi. Ikiwa watu wenye ukaribu huo na kampuni hawakusikilizwa, mhasibu wa wilayani angesikilizwa na nani?

Silaumu kampuni kwa kutunza maslahi yake. Ndivyo kampuni zilivyo. Na haki isemwe, kampuni hiyohiyo imeendelea kuziwezesha programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo kufunguka katika matoleo mapya ya Windows. Ninachouliza ni sisi tumetunza maslahi yetu kwa kiasi gani. Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Mwezi Aprili 2020, janga la korona lilipowaacha mamilioni bila ajira, gavana wa New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, alisimama hadharani kuomba wajuzi wa COBOL, lugha ya programu iliyozaliwa mwaka 1959, wajitolee kusaidia mifumo ya kompyuta ya jimbo lake. Waliosubiri mafao yao ndio waliolipa gharama ya maarifa yaliyoachwa kupotea.

Kwetu maarifa hayo hupotea kwa njia nyepesi zaidi. Programu iliandikwa na kijana mmoja kwa mkataba wa kurasa mbili. Mkataba ulitaja bei na tarehe ya kukabidhi. Haukutaja msimbo chanzo, orodha ya vijenzi wala diski ya usakinishaji. Kijana alihama. Fundi aliyejua namna ya kuibembeleza programu alistaafu, na maarifa yake yakaondoka naye kwa kuwa hakuna aliyemwomba ayaandike. Taasisi inabaki na ikoni kwenye skrini na kudhani kwamba inamiliki programu.

Suluhisho linalopendwa na wakubwa wetu ni kutangaza zabuni ya mfumo mpya. Sipingi mifumo mipya. Ipo mahali pengi ambapo ni lazima. Napinga kununua mfumo mpya kwa tabia ileile ya zamani. Atakayeshindwa leo kusema programu yake inategemea nini, kesho atashindwa kusema mfumo wake wa mtandaoni unategemea nini. Tofauti ni kwamba faili la OCX fundi mzalendo anaweza kulitafuta na kulisajili akiwa ofisini kwake. Huduma iliyo ndani ya kompyuta za mwenye mali aliye ng'ambo, ikifungwa, hakuna amri ya kuandika. Tutakuwa tumehama kutoka utegemezi tunaoweza kuutibu na kuingia utegemezi tusioweza hata kuugusa.

Nini kifanyike

Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kuisimamia. Kwa hiyo hatuanzi sifuri. Lakini sheria haiingii yenyewe ndani ya kabati la ofisi kuangalia kama diski ipo. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, kila taasisi iwe na orodha ya programu zake kama ilivyo na orodha ya magari na samani. Mbele ya kila programu ziandikwe lugha iliyoandikiwa, toleo lake, vijenzi inavyovitegemea, mahali faili la usakinishaji lilipo na jina la anayejua kuitengeneza. Mkaguzi anayehesabu viti ofisini aiulizie na orodha hii.

Pili, mkataba wowote wa kuandikiwa programu kwa fedha ya umma utamke kwamba msimbo chanzo, vijenzi vyote na maelekezo ya kusakinisha vinakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Na makabidhiano yasiwe ya saini tu. Iletwe kompyuta tupu, programu isakinishwe na mtumishi wa taasisi, si na mzabuni. Ikifunguka, alipwe. Jaribio hilo la nusu siku lingeliepusha taasisi na hitilafu 339 ya miaka kumi baadaye.

Tatu, programu ya zamani ambayo bado haiwezi kuachwa itunzwe kwa heshima na kwa tahadhari. Yaweza kuwekwa ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyoigizwa ndani ya nyingine, isiyounganishwa na intaneti, ambayo nakala yake huhifadhiwa pembeni. Wakati huohuo data zake zihamishiwe kwenye miundo iliyo wazi, ambayo programu nyingine yoyote yaweza kuisoma. Programu ni chombo, na chombo huchakaa. Michango ya mstaafu haipaswi kuchakaa nacho.

Nne, na hili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Tunawafundisha vijana wetu kujenga mifumo mipya, na tunafanya vyema. Lakini mhitimu wa TEHAMA akiajiriwa wilayani, kazi yake ya kwanza mara nyingi si kujenga. Ni kufufua kilichojengwa na mtu asiyemjua. Ufundi wa kusoma mfumo wa zamani, kuchunguza hitilafu kwa ushahidi na kuandika kilichogunduliwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mhasibu unastahili nafasi katika mtaala. Suala la lugha si pambo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na jumbe za Kiswahili, na ukathibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Karani anayeusoma ujumbe wa hitilafu na kuuelewa hataufunga kwa woga. Atauandika na kumpelekea fundi, na nusu ya uchunguzi itakuwa imekwisha.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa madawati na dawa haina nafasi ya kujadili mafaili ya OCX. Nawaheshimu, lakini nadhani wamegawanya vibaya. Idadi ya madawati na dawa inatunzwa ndani ya programu. Mshahara wa mwalimu na haki ya mjane ya kulipwa mirathi vinapita ndani ya programu. Taasisi isiyoweza kuihamisha programu yake kutoka kompyuta moja hadi nyingine haijui kwa hakika kama inaweza kutimiza ahadi zake kwa watu hao wiki ijayo.

Kwa hiyo, msomaji wangu uliye ofisini, kabla mwezi huu haujaisha chagua programu moja ambayo kazi yenu haiwezi kwenda bila yake, na uulize maswali matatu. Faili lake la usakinishaji liko wapi? Inategemea vijenzi gani? Na kompyuta hii ikiungua leo usiku, nani kati yetu ataifungua programu hii kesho asubuhi kwenye kompyuta nyingine? Majibu yakiwapo, yaandikwe na yawekwe mahali ambapo watu wawili wanapajua. Yasipokuwapo, mpelekee mkuu wako maswali hayo kwa barua, naye ayajibu kwa barua.